Kifua: Sakafuni au Chini ya Chuma

Wengi wetu tulikutana na pushapu kwanza kama adhabu. Umechelewa mstarini, lala chini, piga ishirini. Aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) anazikumbuka kwa mamia. Na adhabu mtu huimaliza upesi: kiuno kimening'inia, viwiko vinakunjwa robo tu, kichwa kinatikisika kama cha mjusi ukutani. Ukija kuambiwa baadaye kwamba zoezi hilohilo linajenga kifua, unacheka.

Benchi tulikutana nayo kama sifa. Ingia jimu yoyote ya mtaani, iwe Mbagala au Kisauni, swali la kwanza ni "Unabeba ngapi?" Basi kijana anapakia chuma kinachomzidi, anakishusha nusu, anakidundisha kifuani, mwenzake anakivuta kutoka juu, na wote wawili wanahesabu moja.

Ndiyo maana ubishi wa kipi bora kati ya pushapu na chuma hauishi. Mara nyingi zinazoshindanishwa ni pushapu mbovu na benchi mbovu, na hapo hakuna mshindi. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kifua, ana siku mbili au tatu kwa wiki, na anataka kujua aanzie wapi, ahamie kwenye chuma lini, na kama kweli kuna haja ya kuhama. Msimamo wangu nautoa mapema: anza sakafuni, panda kwenye chuma pale sakafu inapokuwa nyepesi kwako, na hata ukishapanda usiiache sakafu.

Kilo ngapi zimo ndani ya pushapu

Msuli mkubwa wa kifua umeanzia kwenye mtulinga, kwenye mfupa wa kidari na kwenye mbavu, kisha ukaenda kujishikiza kwenye mfupa wa juu wa mkono, karibu na bega. Kazi yake kubwa ni kuuleta mkono mbele ya mwili. Usukume sakafu, usukume chuma, kazi ni ileile, na msuli hauna namna ya kujua kilichoko upande wa pili wa kiganja. Unachokijua ni uzito wa mzigo, na umebakiza kiasi gani kabla ya kushindwa.

Mzigo wa pushapu unapimika. Mwaka 2011 mtafiti wa Marekani, William Ebben, na wenzake waliwalaza watu kwenye bamba la kupimia nguvu, wakaona kwamba pushapu ya kawaida inaweka mikononi asilimia 64 hivi ya uzito wa mwili. Ukipiga magotini ni asilimia 49. Ukiweka mikono juu ya kitu chenye urefu wa sentimita 60, sawa na meza fupi ya sebuleni, inashuka hadi 41. Ukigeuza, miguu ikawa juu ya kitu cha urefu huohuo, inapanda hadi 74.

Fanya hesabu ya mtu wa kilo 70. Pushapu ya kawaida kwake ni kilo 45. Mikono ikiwa mezani ni kilo 29. Miguu ikiwa juu ya benchi ni kilo 52. Ukiwa chini mzigo ni mkubwa kidogo kuliko mikono ikiwa imenyooka. Kwa hiyo anayesema pushapu ni "mazoezi mepesi" ajue kwamba kila mara anasukuma karibu thuluthi mbili za mwili wake. Vijana wengi wembamba wanaoingia jimu kwa mara ya kwanza, wakiwekewa kilo 45 kwenye benchi, hawafiki kumi.

Je, kifua kinakua kwa mzigo huo? Kinakua. Mwaka 2017 Wajapani wawili, Naoki Kikuchi na Koichi Nakazato, walichapisha jaribio la wiki nane: kundi moja lilipiga benchi kwa asilimia 40 ya uwezo wake wa juu, lingine likapiga pushapu zilizorekebishwa ili mzigo ulingane. Unene wa misuli ya kifua na ya nyuma ya mkono uliongezeka kwa namna inayofanana katika makundi yote mawili. Jambo la kushika hapo ni kwamba mzigo ulilinganishwa, na wote walikwenda hadi karibu na kushindwa. Anayeweza pushapu hamsini halafu akaacha kwenye ishirini kwa sababu ameona inatosha, anapasha mwili joto tu.

Chuma kinashinda wapi, basi? Kinashinda kwenye kuongeza. Mwili ukishazoea mzigo, hauna sababu ya kukua tena mpaka uongezewe. Mtaimbo rasmi wa wanaume una kilo 20, na sahani ndogo kabisa za jimu nyingi zina kilo 1.25. Weka moja kila upande, umepanda kilo 2.5, wiki ijayo ukifanikiwa, unarudia. Sakafu haina kitu kama hicho. Sakafu inakuongezea idadi, na mtu akishavuka thelathini au arobaini kwa seti, zoezi linageuka kuwa la pumzi na uvumilivu, na linakula muda. Pia anayetaka nguvu zenyewe, yaani uwezo wa kusukuma kitu kizito mara moja au mara tatu, lazima aguse vitu vizito. Pushapu mia hazimwandalii mtu kilo mia.

Ukitaka kuona chuma hicho kikichukuliwa kwa heshima inayostahili, tazama unyanyuaji wa watu wenye ulemavu. Kwenye Paralimpiki benchi ndiyo zoezi pekee la mchezo huo. Mnyanyuaji analala na miguu yote juu ya benchi, hivyo hawezi kujisaidia kwa kusukuma sakafu, na chuma lazima kitulie kifuani kabla ya kupanda. Hellen Wawira Kariuki wa Kenya alipata shaba kwa namna hiyo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, mwaka 2022. Ukijisikia hamu ya kudundisha chuma kifuani, kumbuka kwamba kwao chuma kilichodundishwa hakihesabiwi.

Chuma cha zege

Hapa ndipo ushauri mwingi wa majarida ya nje unapotuacha. Wao wanaandika wakidhani una sahani za kila uzito. Jimu nyingi za mtaani kwetu zina bomba la maji lenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, na kilichomwagwa hakiongezeki wala hakipungui. Ukitaka uzito mwingine, unahamia bomba lingine. Kutoka bomba moja hadi la pili unaweza kuruka kilo kumi au kumi na tano kwa mpigo, na ile faida kuu ya chuma niliyoitaja imepotea.

Kwanza ujue unabeba nini. Zege lina kilo 2.4 hivi kwa lita. Kopo la rangi la lita 4 likijaa ni kilo tisa na nusu. Makopo mawili ni kilo 19, bado bomba lenyewe. Ndoo ya lita 10 ni kilo 24, na ndoo mbili na bomba lake zinavuka hamsini. Lakini hesabu hiyo ni ya zege lililoshindiliwa. Fundi aliyemwaga kokoto nyingi upande mmoja na mchanga upande wa pili amekupa chuma kinachoinama, na bega lako moja litafanya kazi ya ziada kila wiki bila wewe kujua. Dawa ni rahisi: beba bomba mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ana mzani wa kuning'iniza. Pima lote, kisha lishikilie kwa kamba katikati kabisa uone linaelemea wapi. Upande mwepesi ufungie kimfuko cha mchanga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ukaze mpaka usicheze.

Tyubu hiyohiyo ndiyo inayotatua tatizo la kuruka. Tengeneza vifuko vya mchanga vya kilo moja moja, uvipime, uvifunge kimoja kila upande. Umejitengenezea sahani ndogo kwa bei ya mchanga. Usining'inize madumu ya maji, ingawa utaona watu wakifanya hivyo. Maji yanacheza ndani, na chuma kinachoyumba ukiwa umechoka kinakupeleka kisipotakiwa.

Kama vifuko huna, tumia hesabu. Kocha Boyd Epley wa Chuo Kikuu cha Nebraska alitoa kanuni ambayo bado inatumika jimu nyingi duniani: zidisha uzito kwa idadi ya marudio, gawa kwa 30, kisha jumlisha na uzito wenyewe, unapata makadirio ya unachoweza kunyanyua mara moja. Chuma cha kilo 40 ukikipiga mara 15 safi, makadirio yako ni kilo 60. Mwenye uwezo wa kunyanyua kilo 60 mara moja anatarajiwa kupiga kilo 50 mara sita. Kwa hiyo ukiwa na bomba la 40 na la 50 pekee, baki kwenye la 40 mpaka ufike 15, ndipo uguse la 50, na usishangae ukipata tano. Anayehama akiwa na nane anakwama, anaomba msaada kila seti, na mwezi mzima unapita mwenzake ndiye anayefanya mazoezi ya mgongo.

Na kama unajitengenezea bomba lako, chomelea vipande viwili vya nondo kwa msalaba kwenye kila ncha kabla ya kumwaga, ili zege lishike. Kisha uwe na subira: zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu yake ya kawaida, na kopo linalochomoka huwa linachomoka wakati chuma kiko juu ya uso wako.

Pushapu inavyopigwa

Viganja viwe upana unaozidi mabega kidogo. Mtu akikutazama kutoka juu, kichwa na mikono yako vifanye umbo la mshale. Viwiko vikitoka pembeni kabisa, mwili ukawa kama msalaba, bega ndilo linalolipa. Kaza matako, kaza tumbo. Shuka kwa sekunde mbili mpaka kifua kikaribie sakafu kwa upana wa ngumi au kiguse kabisa. Kifua ndicho kifike kwanza. Kikitangulia kidevu, unajidanganya. Likitangulia tumbo, kiuno kimeachia.

Ukipanda, usiishie pale mikono inaponyooka. Endelea kuisukuma sakafu kidogo mpaka uhisi makombe ya mabega yanaachana mgongoni. Sehemu hiyo ndogo ndiyo zawadi ya pushapu ambayo benchi haitoi. Kwenye benchi makombe yamebanwa chini yako, hayatembei. Kwenye pushapu yanateleza huru juu ya mbavu, na misuli midogo iliyo chini ya kwapa, inayoyashikilia makombe mahali pake, inapata kazi. Watu waliopiga benchi miaka mingi bila pushapu utawajua: mabega yameinama mbele, na wakiulizwa wanasema "bega hili linanisumbua kidogo".

Kama pushapu moja safi bado hujaiweza, watu watakwambia upige magotini. Mimi nakushauri uinue mikono badala yake. Anza ukutani, shuka mezani, kisha kwenye ukingo wa kitanda, kisha kwenye kidaraja cha mlango. Mwili unabaki umenyooka toka kisigino hadi kichwa, kiuno kinajifunza kazi yake, na kila unaposhuka kituo kimoja unajua umeongeza mzigo. Magotini hakuna vituo. Uko magotini au hauko. Akina dada wengi waliokata tamaa na pushapu wamekatishwa tamaa na magoti. Na kwa wanaoogopa: mazoezi ya kifua hayapunguzi matiti, kwa sababu matiti yamekaa juu ya msuli, si sehemu yake.

Ukiweza ishirini safi kwa mfululizo, sakafu tupu haikutoshi tena. Inua miguu juu ya kiti au benchi. Hapa wengi wanachanganya mambo, kwa hiyo soma taratibu: miguu ikiwa juu, kazi inahamia sehemu ya juu ya kifua, karibu na mtulinga, kama ilivyo kwenye benchi iliyoinuliwa kichwa. Mikono ikiwa juu, kazi inakwenda sehemu ya chini. Anayelalamika kwamba kifua chake "hakina juu" hana haja ya kutafuta benchi ya mshazari, atafute stuli.

Baada ya hapo vaa begi. Liwe begi la shule lenye mikanda yote miwili, likae juu kati ya mabega. Likiteremka kiunoni, nusu ya mzigo inakwenda miguuni na mgongo unabonyea. Paketi za unga za kilo mbili zinafaa sana kwa sababu zimeshapimwa. Zifunge kwenye nailoni, ongeza moja kila unapomudu kumi na mbili. Mtu wa kilo 70 mwenye begi la kilo 20 anasukuma zaidi ya kilo 60, na hajalipa ada ya jimu. Ukitaka kina zaidi, laza matofali mawili ya kuchoma, weka mkono mmoja juu ya kila moja, na uache kifua kiteremke katikati yake. Vifundo vya mikono vikiuma, shika dambeli mbili zisizobingirika au piga kwa ngumi juu ya mkeka.

Chuma kinavyosukumwa

Lala macho yako yakiwa chini ya chuma. Vuta makombe ya mabega nyuma na chini, kana kwamba unataka kubana kalamu kati yake, na yabaki hivyo mpaka seti iishe. Kichwa, mabega na matako viguse benchi. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Mgongo wa chini kuwa na uwazi kidogo ni kawaida, matako kunyanyuka si kawaida.

Upana wa kushika uupime hivi: chuma kikiwa kimegusa kifua, mkono kutoka kiwiko hadi kifundo uwe umesimama wima. Kidole gumba kizunguke chuma. Kuna wanaoshika bila gumba, wanasema wanahisi kifua zaidi. Chuma kikiteleza kwenye kiganja chenye jasho hakina cha kukizuia mpaka shingoni. Bomba la maji halina ncha zinazozunguka kama mtaimbo wa kiwandani, kwa hiyo likianza kubingirika linapindisha kifundo. Lishike kwa nguvu tangu mwanzo, kifundo kikiwa kimenyooka.

Shusha mpaka usawa wa chuchu au chini yake kidogo. Usishushe shingoni. Viwiko viwe katikati, si ubavuni kabisa wala si pembeni kabisa. Gusa, tulia kidogo, sukuma. Njia ya chuma si mstari wima: kinatoka sehemu ya chini ya kifua na kumalizikia juu ya mabega.

Kukwama ndiko kunakoua. Pushapu ikikushinda, unalala sakafuni, unacheka. Benchi ikikushinda ukiwa peke yako, chuma kiko juu ya koo. Kwenye mtaimbo wa sahani, mpigaji wa peke yake huacha kuweka vibanio ili akikwama ainamishe upande mmoja, sahani zianguke. Kwenye chuma cha zege kopo haliteremki, kwa hiyo njia hiyo haipo. Basi kanuni ni moja: chuma cha zege usikipige peke yako mpaka mwisho wa uwezo. Ukiwa peke yako, acha ukiwa na marudio matatu mfukoni, kisha malizia kwa pushapu.

Anayekushikia naye ana kazi ya kujifunza. Asimame nyuma ya kichwa chako, mikono karibu na chuma bila kukigusa, na mkubaliane kabla: "Napiga nane. Usishike mpaka niseme shika, au mpaka kianze kurudi chini." Rafiki anayeweka vidole tangu la kwanza hakusaidii, amekuibia. Namba uliyoiandika daftarini ni yenu wawili.

Dipsi, yaani kujishusha na kujiinua kwa mikono kati ya vyuma viwili sambamba, nazitaja kwa ufupi. Ni zoezi la mwili linalobeba karibu uzito wako wote, na ukiinamisha kiwiliwili mbele, kifua cha chini kinafanya kazi hasa. Ni ngazi nzuri kati ya pushapu na chuma kizito. Lakini usishuke chini ya pale mkono wa juu unapokuwa sambamba na ardhi, na kama bega lako lina historia, ziache.

Wiki inavyopangwa

Asiye na chuma apige siku tatu, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, seti nne kila siku. Aina ya pushapu aichague kwa mzigo: iwe ile inayomshinda kati ya nane na ishirini. Ikizidi ishirini, apande kituo kimoja. Isipofika nane, ateremke kimoja. Kila seti aache moja au mbili tu kabla ya kushindwa. Apumzike dakika mbili kati ya seti, hata kama anajiona yuko tayari baada ya nusu dakika.

Mwenye chuma siku mbili zinamtosha, zikiachana kwa siku mbili au tatu kati yake. Aanze na pushapu kumi nyepesi za kupasha joto, kisha chuma kitupu, kisha nusu ya uzito, ndipo seti tatu au nne za kazi, kati ya marudio matano na kumi na mawili. Chuma kitangulie wakati misuli bado mizima. Amalizie na seti mbili za pushapu mpaka karibu na kushindwa. Hapo hakuna hatari ya kubanwa, kwa hiyo ajikamue anavyotaka. Mpangilio huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaozibia pengo la mabomba ya zege: chuma kinatoa uzito, pushapu zinajaza kazi iliyobaki.

Siku hizohizo vuta kadiri unavyosukuma. Kama jimu ina bomba la kuning'inia, seti moja ya kuvuta kwa kila seti ya kifua. Kijana mwenye kifua kikubwa na mgongo mtupu atasimama vibaya hata akivaa suti.

Chakula nisikirefushe. Gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Yai moja lina gramu sita. Dagaa wakavu, maharage, maziwa, samaki na karanga zitajaza kilichobaki bila kopo la unga wa bei mbaya. Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga hupunguza chuma kizito na kupiga pushapu baada ya futari, na kifua hakipotei kwa mwezi mmoja wa kazi nyepesi.

Weka daftari. Andika tarehe, aina, mzigo na marudio. Wiki mbili zikipita bila namba hata moja kupanda, angalia usingizi na chakula kabla ya kulaumu zoezi. Ukiona umekwama kwenye chuma kwa mwezi, punguza uzito kwa sehemu moja ya kumi, panda upya taratibu. Mwenye presha ya kupanda aonane na daktari kwanza, na asibane pumzi anaposukuma: avute akishuka, aitoe akipanda.

Maumivu nayo yana aina zake. Kifua kizima kikiuma kesho yake na keshokutwa, hayo ni mazoezi. Maumivu ya kuchoma mbele ya bega kila unaposhusha chuma yanataka ubadilishe: acha benchi kwa wiki mbili au tatu, piga pushapu zenye viwiko karibu na mwili, kisha urudi na uzito mdogo. Lakini ukisikia kitu kimekatika kwapani ukiwa unashusha chuma, ngozi ikageuka zambarau siku inayofuata, na kifua upande mmoja kikaonekana kimevutika ndani, huo ni msuli uliochanika. Benchi ndiyo inayoongoza kwa kuuchana. Usikandwe kwa maji ya moto, usisubiri kuona kama utajiponya. Nenda hospitali wiki hiyohiyo, umwambie daktari ulikuwa unanyanyua nini na ulisikia wapi, kwa sababu msuli uliong'oka unashonwa kwa urahisi zaidi ukiwahiwa.